Majid bin Said: Sultani aliyegawa ardhi ya Dar es Salaam kabla ya zama za mpima mwenye leseni

MFANYABIASHARA anayetoka Kariakoo na kuifuata Barabara ya Morogoro kuelekea baharini hufika mwisho wa barabara hiyo mahali inapokutana na Barabara ya Sokoine, ng'ambo ya bandari. Hapo pana jengo la ghorofa lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Zanzibar. Ni Boma la Kale. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultan Majid bin Said, na ni miongoni mwa majengo machache yaliyobaki ya mji aliouanzisha.

Kasri lake lenyewe halipo. Lilikuwa hapo karibu likitazama maji, na lilianza kuwa gofu miaka michache tu baada ya kifo chake. Ardhi aliyowagawia ndugu, maofisa na wafanyabiashara ilipita katika mikono mingi, mingine ya haki na mingine ya hila, hadi ikawa mji mkubwa kuliko yote Tanzania. Maisha ya Majid yanafahamika zaidi kwa siasa za Zanzibar na Oman. Lakini kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, sehemu yenye mafunzo zaidi ni ile ya ardhi: namna alivyoipata, alivyoigawa, na yaliyoikuta alipofariki.

Mtoto wa Unguja

Majid alizaliwa Unguja katikati ya miaka ya 1830. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar na kuifanya karafuu kuwa zao kuu la visiwa. Mama yake alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Tangu ujana wake Majid hakuwa na afya njema, na wengi hawakumtarajia kutawala, kwa kuwa walikuwapo kaka zake waliomtangulia.

Mambo yalibadilika mwaka 1854 alipofariki Khalid, aliyekuwa akishika madaraka Zanzibar kila baba yao aliposafiri kwenda Oman. Majid akapewa nafasi hiyo. Oktoba 1856 Seyyid Said naye alifariki akiwa baharini, njiani kurejea kutoka Muscat. Majid alitangazwa mtawala wa Zanzibar na pwani yote iliyokuwa chini yake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na ushee.

Urithi huo ulikuja na ugomvi. Kaka yake Thuwaini, aliyekuwa mtawala Muscat, alidai kuwa Zanzibar ni sehemu ya milki yake. Mwaka 1859 alituma meli za kivita kuja kuiteka, lakini Waingereza wa Bombay walizirudisha kabla hazijafika. Mwaka huohuo mdogo wake Barghash aliasi ndani ya Unguja kwenyewe na kujichimbia katika shamba la Marseilles. Dada yao Salme, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kuandika kitabu cha maisha yake, alikuwa upande wa Barghash. Majid aliyazima maasi hayo kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Ugomvi na Thuwaini uliamuliwa na Lord Canning, gavana mkuu wa Waingereza nchini India. Uamuzi wake wa Aprili 2, 1861 uliitenga Zanzibar na Oman, na kumtaka Majid ailipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zilitoa tamko la pamoja la kuheshimu uhuru wa watawala hao wawili.

Kwa hiyo Majid alipata kiti, lakini alikipata pamoja na deni. Reale 40,000 zilipaswa kutoka kila mwaka, liwe jema au baya. Mapato ya forodha, yaliyokuwa mhimili wa hazina yake, yalikuwa yamekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na nyumba hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimkopesha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861, vilipunguza meli za Wamarekani waliokuwa wakileta nguo za merikani na kununua pembe za ndovu na sandarusi. Sultani kijana alihitaji chanzo kipya cha mapato, na alihitaji mahali ambapo mabalozi wa Ulaya hawangekuwa wakimwangalia kila hatua.

Jicho kwenye Mzizima

Upande wa bara, kusini ya Bagamoyo, palikuwa na ghuba yenye mlango mwembamba na maji yenye kina, iliyozungukwa na nchi kavu pande zote. Karibu na mlango huo palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima. Meli kubwa zikiingia humo zingetulia bila kusumbuliwa na upepo wa kusi wala wa kaskazi.

Ghuba haikuwa tupu. Pwani hiyo ilikuwa na wenyewe. Washomvi walikuwa na majumbe wao, na Wazaramo walikuwa wakilima na kuchimba sandarusi katika nchi iliyo nyuma ya pwani. Kwa masimulizi ya pwani, Washomvi walikuwa wakiwapa Wazaramo sehemu ya mapato yao, iliyojulikana kama kanda la Pazi, kama shukrani ya kusaidiwa vitani zamani. Mgeni aliyetaka kukaa alikwenda kwa jumbe, akatoa ada, akaonyeshwa pa kujenga na pa kulima. Haki juu ya kipande kimoja cha ardhi ingeweza kuwa ya watu watatu kwa wakati mmoja: mwenye kulima, jumbe aliyemkaribisha, na wale waliomtangulia jumbe. Wote walijua mipaka, kwa kuwa wote waliishi hapo.

Katika mazingira hayo Majid alianza kuweka mkono wake. Mwaka 1862 ndio unaotajwa kuwa mwanzo wa mji. Alipatana na baadhi ya wakubwa wa eneo hilo, na wengine aliwashinda. Mahali hapo akapaita Dar es Salaam, yaani nyumba ya amani.

Lengo lake lilikuwa la kibiashara. Alitaka misafara ya pembe kutoka Unyanyembe na nchi za maziwa iteremkie katika bandari yake mwenyewe badala ya Bagamoyo. Alitaka mashamba ya minazi na nafaka yaliyo karibu na bandari. Alitaka pia makao ambayo, kama mambo yangeharibika Unguja, yangeweza kumpokea.

Mji wa mawe na minazi

Katikati ya miaka ya 1860 ujenzi ulishika kasi. Mawe ya matumbawe yalichimbwa palepale na chokaa ikachomwa. Kasri likainuka likitazama bandari. Nyuma yake zikafuata nyumba za maofisa na wafanyabiashara, visima na barabara. Boma la Kale ni la kipindi hicho. Jengo jingine linalofahamika leo kwa jina la Atiman House, lenye uhusiano na mapadri wa White Fathers, nalo hutajwa kuwa lilijengwa kwa ajili ya nyumba ya Sultani.

Kazi ngumu ilifanywa na watumwa. Hao ndio waliokata mawe, wakabeba maji, wakapanda minazi. Katika hesabu ya gharama ya mji huo jasho lao halikuandikwa popote, na katika mgawo wa ardhi hawakupata kitu. Yeyote anayesimulia habari za kuanzishwa kwa Dar es Salaam hana budi kulitaja hilo.

Kuwavuta watu, Majid aligawa ardhi. Waarabu wa Unguja na Hadhramaut pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi walihimizwa kuja kujenga na kulima. Mwaka 1867 aliwaalika mabalozi wa mataifa ya nje waliokuwa Zanzibar na kuwafanyia karamu katika mji wake mpya, ili waone kwa macho kwamba mradi haukuwa ndoto.

Msingi wa ugawaji huo ulikuwa neno la mtawala. Aliyeambiwa achukue eneo fulani alilichukua. Palipoandikwa hati, iliandikwa kwa herufi za Kiarabu mbele ya mashahidi, na mipaka ya shamba ilitajwa kwa namna ya kawaida ya pwani: upande huu shamba la fulani, upande huu njia ya kwenda kisimani, upande huu pwani, upande huu mwembe mkubwa. Kwa watu waliofahamiana, hati hiyo ilitosha. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ilitegemea vitu vinavyotoweka. Mwembe huanguka, njia huhama, jirani hufa au huuza. Hati inayosema shamba limepakana na fulani huwa haina maana siku fulani asipokuwapo, na mashahidi nao wakiwa wamezikwa.

Majid hakuwa mzembe kuliko watawala wenzake. Ndivyo ardhi ilivyogawiwa katika sehemu nyingi za dunia wakati huo. Hata hivyo, zilikuwapo nchi zilizokwisha kuona hatari hiyo. Katika koloni la Virginia, miaka zaidi ya mia moja kabla ya Majid kufika Mzizima, hakuna aliyeweza kuwa mpima wa wilaya bila kuidhinishwa na Chuo cha William and Mary. George Washington, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Marekani, alipata idhini hiyo mwaka 1749 akiwa kijana wa miaka 17. Wazo lilikuwa rahisi: anayechora mpaka lazima ajulikane, aape, na awajibike.

Anguko la mwaka 1870

Mji haukukua kwa kasi aliyoitarajia. Misafara iliendelea kuteremkia Bagamoyo, ambako madalali, wapagazi na wakopeshaji walikuwa wamekwisha kuzoeana na Wanyamwezi kwa miaka mingi. Bandari nzuri peke yake haikutosha kuhamisha biashara. Mfanyabiashara hufuata mahali anapojulikana na anapokopesheka, na hilo ni kweli Kariakoo ya leo kama lilivyokuwa kweli Bagamoyo ya wakati ule.

Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilipiga Unguja na pwani na kuua watu wengi. Katika mwaka huo wa 1870 Majid, kama inavyosimuliwa, alianguka katika kasri lake la Dar es Salaam na kuumia. Alifariki Unguja Oktoba 7, 1870, akiwa na umri wa miaka 36 hivi. Aliacha mtoto mmoja wa kike, Khanfora, na hakuacha mtoto wa kiume.

Aliyerithi kiti alikuwa Barghash, mdogo wake yuleyule aliyemwasi mwaka 1859. Barghash hakuwa na haja na mji wa kaka yake. Fedha zake alizielekeza Unguja, na akabakiza Dar es Salaam kama mashamba ya minazi yenye wasimamizi wachache. Ujenzi ulisimama. Kasri likaanza kuporomoka, na waliokuja kwa kufuata neno la Majid wakajikuta neno hilo halina mwenyewe. Baadhi walirudi Unguja. Waliobaki walilima, wakavua, wakafanya biashara ndogo na Wazaramo.

Hapo ndipo udhaifu wa msingi ulipojidhihirisha. Mradi uliojengwa juu ya mtu mmoja hufa na mtu huyo. Haki ya ardhi inayotegemea kumbukumbu ya mtoaji hudhoofika siku mtoaji anapozikwa.

Karatasi za wageni

Mwaka 1887, miaka 17 baada ya kifo cha Majid, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifungua kituo chake Dar es Salaam. Mwaka 1888 pwani iliasi chini ya uongozi wa Abushiri bin Salim, na mapigano yakafika hadi Dar es Salaam kabla ya kuzimwa. Mwaka 1890 Sultani wa Zanzibar aliiachia Ujerumani pwani yote kwa malipo ya maki milioni nne. Januari 1, 1891 serikali ya Ujerumani ilishika utawala, na mwaka huohuo makao makuu yakahama kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Bandari ya Majid ilipata kazi aliyoitaka, lakini mwenye faida alikuwa mwingine.

Thamani ya ardhi ikapanda, na swali la nani mwenye mali likaanza kuulizwa kwa ukali. Novemba 26, 1895 Wajerumani walitoa amri iliyosema kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Waliokuwa na haki walitakiwa wazithibitishe. Kwa mlowezi au kampuni yenye mkataba, kuthibitisha lilikuwa jambo la kupeleka karatasi ofisini. Kwa Mzaramo ambaye babu yake alilima hapo, au kwa jumbe aliyewahi kuwakaribisha wageni, ushahidi ulikuwa miti, makaburi na maneno ya wazee. Ulikuwa ushahidi wa kweli, lakini mezani kwa ofisa wa Kijerumani haukuwa na uzito wa karatasi.

Kisa hiki kina pande mbili. Upande mmoja, kukosa mpaka uliopimwa na kuandikwa kuliwaacha wenye haki mikono mitupu. Upande wa pili, upimaji wenyewe uliweza kutumika kama silaha ya mwenye nguvu. Mpima wa serikali ya kikoloni aliweka mawe yake kwa faida ya aliyemtuma. Ndiyo maana kupima peke yake hakutoshi. Linalohitajika ni mpima ambaye sheria inambana kwa ajili ya pande zote, ya mnunuzi, ya muuzaji na ya jirani.

Eneo la Kariakoo ni mfano. Lilikuwa shamba mikononi mwa Mjerumani aliyeitwa Schoeller. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Kijerumani ililinunua ili likatwe viwanja vya Waafrika, kwa mitaa iliyonyooka. Jengo la soko likajengwa, lakini vita vikaanza kabla halijatumika. Waingereza walipoingia walilifanya kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na kutokana na maneno hayo likapatikana jina Kariakoo. Viwanja vilipimwa, lakini wenye nyumba hawakupewa haki ya muda mrefu. Walilipa kodi ya kiwanja na kubaki chini ya huruma ya serikali. Mstari ulikuwapo, haki kamili haikuwapo.

Waingereza walitunga sheria ya ardhi ya mwaka 1923, iliyoifanya karibu ardhi yote kuwa chini ya mamlaka ya gavana. Hati za milki huru zilizotolewa na Wajerumani ziliendelea kutambuliwa hadi zilipogeuzwa kuwa za kukodi kwa sheria ya mwaka 1963, baada ya Uhuru.

Mpima anawekewa masharti

Jambo ambalo Majid hakuwa nalo lilikuja kidogo kidogo. Mwaka 1956 ilianzishwa shule ya kufundisha mafundi wa upimaji huko Mgulani, Dar es Salaam. Mwaka 1958 ilihamia mlimani karibu na mahali kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikakua na kuwa Chuo cha Ardhi, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu Ardhi. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria ya usajili wa wapima wataalamu, iliyounda Baraza la Taifa la wapima. Kazi ya baraza hilo ni kutunza daftari la wapima, kuangalia elimu na uzoefu wa anayeomba kuingizwa humo, na kumwondoa anayekiuka maadili ya kazi.

Kwa ufupi, anayetaka kupima ardhi ya watu kwa ajili ya hati hawezi kutosheka na kumiliki chombo cha kupimia. Lazima awe amesoma upimaji, awe amefanya kazi kwa vitendo chini ya waliomtangulia, na awe amesajiliwa. Anayefungua ofisi yake binafsi huhitaji leseni. Hata akiwa na vyote hivyo, ramani yake haiwi halali hadi ikaguliwe na kuidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Mawe ya mipaka anayosimika yanalindwa na sheria, na kuyang'oa ni kosa la jinai.

Wapo wanaoona masharti haya ni urasimu wa kuongeza gharama. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwa sababu upimaji si bei ndogo kwa mwenye ekari mbili au kibanda. Lakini upimaji una sifa moja inayoutofautisha na bidhaa nyingi. Mnunuzi wa mchele huuona mchele, huushika na huutafuna. Mnunuzi wa kazi ya upimaji hawezi kuona kosa siku anapolipa. Kosa hujitokeza miaka kumi baadaye, wakati jirani anajenga ukuta, benki inakagua dhamana, au watoto wanagawana urithi. Wakati huo aliyepima kwa bei ya chini huenda hapatikani tena. Kwa kuwa mteja hawezi kumchuja mpima mwenyewe, sheria humchuja kwa niaba yake.

Jiwe la mpaka lililopimwa vizuri lina faida nyingine. Nafasi yake imeandikwa kwa namba zinazofungamana na alama za msingi za upimaji wa nchi. Likipotea kwa mafuriko au kwa trekta, mpima mwingine anaweza kulirudisha palepale kwa kufuata namba hizo. Mwembe wa mwaka 1866 ukianguka hakuna wa kuurudisha.

La kufanya kwa mnunuzi wa leo

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekua bila kupimwa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipunguza uhaba kwa kiasi fulani, na leseni za makazi zilizoanza kutolewa katika miaka hiyo ziliwapa wengi karatasi ya kuanzia. Lakini bado watu hununua ardhi pembezoni mwa jiji kwa makubaliano ya mkono, mbele ya mashahidi wawili, huku mipaka ikitajwa kwa mnazi na kwa jirani. Tofauti na hati za enzi za Majid ni ndogo mno.

Anayetaka kununua au kupimisha ana mambo machache ya kuzingatia. Kwanza, aulize jina la mpima na kuhakikisha kwa Baraza au kwa ofisi ya ardhi ya halmashauri kwamba amesajiliwa na leseni yake ni hai. Msaidizi anayekuja na kamba na rangi siye mpima. Pili, majirani wa pande zote na kiongozi wa mtaa wawepo siku mawe yanaposimikwa, kwa sababu ugomvi mwingi huzimwa siku hiyo kwa dakika chache. Tatu, adai kuona ramani iliyoidhinishwa, yenye namba ya kiwanja na kitalu, si mchoro wa mkono. Nne, kabla ya kulipa, aombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ili ajue jina lililoandikwa humo na kama kuna mkopo.

Kwa mkulima wa kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inatoa hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Hapo kazi ya uhakiki wa mipaka hufanywa na kijiji pamoja na wataalamu wa wilaya. Gharama huwa nafuu zaidi wakulima wengi wakijiunga na kupimiwa kwa pamoja kuliko kila mmoja kumwita mpima wake.

Majid bin Said alikuwa na macho ya biashara. Aliona bandari mahali ambapo wengine waliona kijiji cha wavuvi, na historia ilikuja kumpa haki. Lakini faida ya macho hayo haikuwafikia warithi wake, wala wale aliowakaribisha, wala wale aliowakuta. Ilikwenda kwa waliokuja baadaye wakiwa na ramani, na meli kubwa zinazotia nanga leo mbele ya Boma la Kale zinaingia katika ghuba aliyoichagua yeye.